Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa kiwanda chetu cha minofu, Mwanza

Kwa Wakurugenzi na Menejimenti ya Kiwanda,
Mwanza.

YAH: KUPUNGUZWA KWA WAFANYAKAZI NA VIBARUA BAADA YA KUFUNGWA MITAMBO MIPYA

Ndugu Wakurugenzi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia kwa heshima, nikiwa mmoja wa wanawake waliosimama kwa miaka mingi kwenye meza za kusafisha na kupanga minofu ya sangara katika kiwanda chenu, na nikiwa nimetumwa na wenzangu walioachishwa kazi, vibarua ambao hawaitwi tena, na akina mama wa mapanki, yaani wanaouza mifupa ya sangara yenye nyama inayobaki baada ya minofu kukatwa, ambao riziki yao inaanzia kwenye geti lenu la nyuma. Tulianza kwa njia iliyo ya kawaida na ya staha. Tuliwasilisha barua, ikapokelewa na kugongwa mhuri. Tulipoomba kikao, tuliambiwa wakurugenzi wako safarini. Waliporudi, tuliambiwa suala liko kwa mwanasheria. Tulipomuulizia mwanasheria, hakuna aliyetupa hata jina lake. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani. Sikitaji kiwanda kwa jina, kwa sababu nia yetu si kuwaharibia soko, bali ni kujibiwa. Mkisoma mtajitambua, na huenda wafanyakazi wa viwanda vingine vya mwambao huu wakatambua ndani yake mambo yao pia.

Niseme mapema jambo moja ili lisije likatumika kutunyamazisha: hatupingi mashine. Sisi tuliokuwepo kabla ya mashine ya kuchuna ngozi tunakumbuka vidole vilivyokatwa na mikono iliyokufa ganzi kwa barafu, na hakuna kati yetu anayetamani siku hizo zirudi. Mashine ile ilipoletwa, aliyekuwa akichuna kwa kisu alifundishwa kuihudumia, akabaki kazini. Safari hii mmeleta mtambo wa kupima uzito, kupanga minofu kwa ukubwa na kufungasha, pamoja na mtambo wa kutenganisha nyama na mfupa, na waliokuwa wakifanya kazi hizo kwa mikono hawakufundishwa chochote. Waliambiwa Ijumaa jioni kwamba Jumatatu wasije. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu ameziponya hesabu za kiwanda, lakini wenyeji wametolewa nje.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Hatukushirikishwa, ingawa mlijua mapema.

Mtambo wa aina hii haununuliwi kama ndoo. Uliagizwa nje ya nchi, ukalipiwa, ukasafirishwa kwa meli, ukatolewa bandarini Dar es Salaam, ukabebwa kwa barabara zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mwanza, na kabla haujafika mafundi walikuwa wameshavunja sakafu na kuijenga upya ili iubebe. Katika muda wote huo kulikuwa na watu ofisini waliojua ni meza zipi zitaondolewa, na kwa hiyo walijua ni nani wataondoka nazo. Sisi tuliokuwa tukipita kando ya sakafu ile kila zamu tuliambiwa kwamba ni ukarabati wa kawaida.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, haikuacha jambo hili kwenye hiari ya mwajiri. Inamtaka atoe taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi mara tu nia hiyo inapoanza kufikiriwa, atoe habari zote zinazohusika, na ashauriane nao, kabla ya kupunguza, kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza athari, namna ya kuchagua watakaoondoka, muda, na malipo ya kiinua mgongo. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataja waziwazi kwamba kuletwa kwa teknolojia mpya ni mojawapo ya sababu zinazoangukia chini ya utaratibu huu. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba suala la mashine ni la kiufundi na la kazi ni lingine. Kikao kilichoitishwa baada ya mtambo kuwashwa, ambamo tulisomewa orodha ya majina na kupewa karatasi za kusaini, hakikuwa mashauriano.

Mtaniwia radhi nikitoa mfano ulio karibu nasi. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, wachuuzi waliokuwa wakiuza samaki wa kukaanga, mahindi na maji kwa abiria waliosubiri kivuko walipoteza sehemu kubwa ya wateja wao. Ni kweli iliwauma, na wapo ambao bado hawajasimama. Lakini ujenzi ule ulizinduliwa hadharani mwaka 2019, nguzo zikaonekana zikipanda kutoka majini mwaka baada ya mwaka, na kila mchuuzi aliweza kupiga hesabu zake, akaamua kama atahama, atabadili biashara au atasomesha mtoto ufundi mwingine. Sisi tulipewa Jumamosi na Jumapili.

2. Vibarua wameachiwa mfumo, na mfumo hauna wa kumuuliza.

Zamani kibarua alifika getini alfajiri, msimamizi akatoka, akahesabu watu anaowahitaji, akaingiza. Utaratibu ule ulikuwa na dhuluma zake, hasa kwa akina mama, na sitautetea. Lakini msimamizi alikuwa na uso. Ungeweza kumwambia kwamba jana ulikuwa hospitali na mtoto, akakuelewa au asikuelewe. Siku hizi alama za vidole zimechukuliwa, namba za simu zimeandikwa, na jioni unasubiri ujumbe wa simu unaokuambia kama kesho unahitajika. Ujumbe usipokuja, ukienda kuuliza, jibu ni kwamba mfumo haujakuchagua. Ukiuliza mfumo unachagua kwa kuangalia nini, iwe ni kasi ya mikono, umri, siku ulizokosa, au mimba iliyoanza kuonekana, hakuna ajuaye, au hakuna anayekubali kusema.

Wapo wenzetu ambao simu zao zimekaa kimya tangu mtambo ulipowashwa. Hawajafukuzwa, kwa sababu hakuna barua. Hawajapunguzwa, kwa sababu majina yao hayakuwa kwenye orodha. Wanaamka, wanachaji simu dukani kwa jirani, wanasubiri. Huku ni kumwachisha mtu kazi bila kumwambia.

Ndugu Wakurugenzi, mnasema vibarua hawana mkataba na kwa hiyo hawana madai. Tunaomba mwanasheria wenu asome Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, ambayo inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi itakapothibitishwa vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya yale inayoyataja, mojawapo likiwa kwamba amemfanyia kazi mwajiri huyo kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kibarua wa minofu hufikisha saa hizo ndani ya wiki moja ya msimu mzuri. Na kuhusu mfumo wenyewe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa usifanywe na mashine peke yake. Kuitwa au kutoitwa kazini ni uamuzi unaoathiri chakula cha watoto. Kama huo si mkubwa, sijui ni upi.

3. Malipo na michango.

Kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, na hesabu hiyo inakomea miaka 10. Maana yake ni kwamba mama aliyesimama kwenye meza zenu miaka 18 anaondoka na malipo ya siku 70, sawa na aliyefanya miaka 10. Hicho ndicho kiwango cha chini, na hakuna sheria inayomzuia mwajiri kuongeza. Tunasikitika kwamba hata hicho baadhi yetu hatujalipwa kikamilifu, na kwamba wenzetu waliokwenda Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kuulizia fao la kukosa ajira wamekuta miezi ambayo michango yao haikuwasilishwa, ilhali kwenye hati za mshahara ilikatwa.

4. Mapanki.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa kuwa jambo hili halimo katika makaratasi ya ajira, na nina hofu kwamba ofisini kwenu halikuwahi kujadiliwa kabisa.

Sangara akikatwa minofu, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki. Hubaki kichwa, mfupa wenye nyama iliyoshikilia, ngozi, mafuta na bondo, yaani kile kifuko cha hewa cha samaki. Minofu huenda Ulaya na kwingineko, na mabondo huenda masoko ya Asia, ambako kilo moja huuzwa kwa bei inayoizidi mno ile ya minofu. Kilichobaki kwa ajili ya mwananchi wa kawaida wa Mwanza ni kichwa na panki. Mapanki hayo ndiyo yamelisha Igogo, Mabatini, Igoma na Buhongwa kwa miaka mingi, yakikaangwa, yakikaushwa, yakipakiwa kwenye magunia kwenda hadi mikoa ya jirani, kwa sababu familia inayoishi umbali wa kutupa jiwe kutoka ziwani haiwezi kuununua mnofu wa sangara yule yule aliyevuliwa na ndugu yao.

Mkataji wa mikono, hata awe hodari namna gani, huacha nyama kwenye mfupa. Nyama hiyo kwa kiwanda ilihesabiwa kuwa ni hasara, na mtambo wenu wa kutenganisha nyama na mfupa umenunuliwa kuikomboa. Unaikwangua, inatoka kama nyama ya kusaga, inagandishwa, inauzwa. Mifupa inayobaki haina tena cha kukaanga, nayo inakwenda moja kwa moja kwenye usagaji wa chakula cha kuku. Katika hesabu za kiwanda hilo ni jambo zuri: hakuna kinachopotea. Lakini nyama ile haikuwa ikipotea. Ilikuwa ikiliwa. Ilikuwa ndiyo kitoweo cha bei nafuu katika mitaa inayokizunguka kiwanda, na ilikuwa mtaji wa mamia ya wanawake, wengi wao wajane na walioachwa na waume, ambao hawakuhitaji dhamana ya benki wala cheti cha shule ili kuanza, ila ndoo, kikaango na mtu wa kuwaamini kwa mzigo wa kwanza.

Siku hizi mapanki machache yanayotoka yamepanda bei, na yanakwenda kwa wenye magari wanaoweza kununua mzigo mzima kwa pamoja. Akina mama wanabaki na vichwa, navyo wanavigombania. Nilikwenda kwenye mabanda yao kabla ya kuandika barua hii, na walichoniomba niwafikishie si maneno makali. Waliomba tu wajue kama mzigo utarudi au hautarudi, ili aliyechukua mkopo wa kikoba ajue atawaambia nini wenzake. Maana hilo nalo limeshaanza: vikundi vya kuweka na kukopa ambamo mpanga minofu, mama wa mapanki na mama lishe wa getini walikuwa wanachama wa kikundi kimoja vimesimama, kwa kuwa wote wamepoteza kipato kwa mkupuo mmoja na kutoka chanzo kile kile. Mwenye nyumba wa Igogo hajui habari za mtambo, yeye anajua tarehe ya kodi.

5. Waliobaki.

Waliobaki ndani wanafanya kazi kwa mwendo wa mkanda na si kwa mwendo wa mwili. Mkanda hausimami mtu akienda msalani. Tunaomba jambo hili likaguliwe kabla halijaleta ajali.

Najua majibu mtakayotoa, kwa sababu tumeshayasikia kwa vipande vipande kutoka kwa wasimamizi.

Mtasema samaki wamepungua ziwani. Ni kweli, na wavuvi wa Igombe na Kayenze watakuwa wa kwanza kukubali. Lakini kama tatizo ni upungufu wa samaki, basi mlipaswa kuliweka mezani kama tatizo letu sote, tukajadili kupunguza saa, kupeana zamu, au likizo ya msimu, ambayo ndiyo hasa maana ya njia za kuepuka au kupunguza athari zinazotajwa na sheria. Zaidi ya hayo, upungufu huo haukuwazuia kupata fedha za mtambo.

Mtasema wanunuzi wa Ulaya wanadai usafi na vipimo ambavyo mikono haiwezi kuvifikia. Hoja hiyo inatuumiza, kwa sababu wakongwe wetu waliishi mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kufuatia taarifa za uvuvi wa sumu. Viwanda vilisimama, watu wakarudi nyumbani. Soko lilipofunguliwa, ni wafanyakazi hawa hawa, wengi wao wa darasa la saba, waliojifunza taratibu mpya za usafi, kuvaa, kuosha, kupima joto, kuandika kumbukumbu za kila pipa, hadi wakaguzi kutoka nje wakaridhika. Mtu aliyeweza kujifunza hayo anaweza kufundishwa kusoma kioo cha mtambo wa kupimia na kugundua kisu kimeanza kubutuka. Kwa hiyo hata jibu la kwamba hatuna elimu halisimami. Nyegezi kuna chuo cha uvuvi cha FETA, Nyakato kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA, na kila mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi ambayo sehemu yake huenda VETA. Mnalipa tayari. Tunachoomba ni watu wenu wenyewe wanufaike.

Na mtasema kwamba bila mtambo kiwanda kingefungwa na wote tungekosa. Huenda. Basi tuonyesheni hesabu. Hatujawahi kuonyeshwa hata ukurasa mmoja.

Kwa hayo yote, tunaomba yafuatayo:

(a) Kikao rasmi kati yenu, wawakilishi wa walioachishwa, wawakilishi wa vibarua na chama cha wafanyakazi, ndani ya siku 14 tangu kuchapishwa kwa barua hii, mkiwa na habari za maandishi kuhusu mitambo iliyofungwa na ile mnayokusudia kuileta.

(b) Kusitishwa kwa upunguzaji mwingine wowote hadi mashauriano hayo yakamilike.

(c) Malipo kamili ya kiinua mgongo, likizo na notisi kwa wote, pamoja na kuwasilishwa kwa michango yote ya NSSF iliyokatwa. Na kwa waliotumikia zaidi ya miaka 10, miaka yao ya ziada ihesabiwe.

(d) Nafasi zote mpya zinazotokana na mitambo zitolewe kwanza kwa waliokuwa kwenye meza, baada ya mafunzo kwa gharama ya kiwanda.

(e) Vigezo vinavyotumiwa na mfumo kuwaita vibarua vibandikwe getini kwa Kiswahili, na awepo mtu mwenye jina na cheo anayepokea malalamiko na mwenye mamlaka ya kubadili uamuzi wa mfumo. Ambao hawaitwi tena wapewe barua.

(f) Sehemu inayojulikana ya mapanki yenye nyama itengwe kila siku kwa vikundi vya akina mama wa mitaa ya jirani, kwa bei itakayopatanwa, badala ya yote kupitishwa kwenye mtambo.

(g) Msitumie hoja ya kuchelewa dhidi yetu. Sheria inampa aliyeachishwa kazi siku 30 tu kuufikisha mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kila wiki mliyotuambia tusubiri ilikuwa ikila siku hizo. Baadhi yetu tumeshajaza fomu na kuziwasilisha. Wengine, kwa imani kwamba mtawajibu, walisubiri hadi siku zikapita. Tunaomba mtamke kwa maandishi kwamba hamtapinga maombi yao ya kuongezewa muda, kwa kuwa waliochelewa walichelewa kwa kuwatii ninyi.

Siku 14 zikipita bila jibu, tutapeleka nakala ya barua hii pamoja na viambatisho vyake, zikiwemo hati za mshahara na majina ya walioridhia kutajwa, kwa Afisa Kazi na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na tutaendelea na mashauri yetu mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Jibu lenu mnaweza kulikabidhi kwa mwakilishi wa wafanyakazi aliye zamu ya asubuhi, ambaye ameturuhusu tumtaje kwa cheo chake tu, au mlibandike getini. Tutakuwepo kulisoma.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwakilishi wa wapanga minofu walioachishwa kazi,
kwa niaba ya vibarua na akina mama wa mapanki,
Mwanza.

Nakala:
Uongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, kiwandani
Wenyeviti wa mitaa inayozunguka kiwanda